Kutoka Hodiya hadi Panki: Wimbo wa Kiwandani, Nafsi ya Mfanyakazi na Funzo kwa Watafiti wa Bungoma na Kitale

Ikisiri

Makala haya yanauchunguza wimbo "Piss Factory" wa Patti Smith, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, uliorekodiwa mwaka 1974 na kuhesabiwa miongoni mwa nyimbo za awali kabisa za muziki wa panki. Wimbo huo ulitokana na kazi ya kiwandani aliyoifanya msanii akiwa msichana. Unalinganishwa hapa na nyimbo za kazi za Kiswahili, na vilevile na kazi za fasihi ya Kiswahili zinazomhusu mfanyakazi, hasa Kilio cha Haki na Kuli. Hoja kuu ni kwamba uainishaji wa nyimbo kwa kigezo cha dhima, kama unavyofundishwa shuleni na vyuoni, hauutoshelezi wimbo unaozaliwa mbele ya mashine. Makala yanamalizia kwa kuonyesha kwa nini suala hili lina uzito kwa wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Webuye, Bungoma na Kitale.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba nyimbo za kazi huitwa hodiya. Huambiwa kuwa wawe ni nyimbo za wakulima, kimai ni nyimbo za wanabahari, na kwamba wapo watwangaji, wapagazi na wavuta kamba ambao nao wana nyimbo zao. Akiulizwa katika mtihani dhima ya nyimbo hizi, hujibu bila kusita: huchapuza kazi, huondoa uchovu, huunganisha wafanyakazi na kuwapa mwendo mmoja. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika, kwa kuwa linachukulia kwamba kazi yenyewe inaimbika. Jembe lina mapigo yake na mchi una mapigo yake, na mwenye kuushika ndiye anayeyaweka. Mashine ya kiwandani nayo ina mapigo, ila hayawekwi na anayeihudumia. Je, mfanyakazi huyo huimba nini, na huimba lini?

Swali hili linafaa kuulizwa kwa kutumia mfano wa mbali ili ule wa karibu uonekane vizuri zaidi. Mwaka 1974 mambo matatu yasiyo na uhusiano wowote wa moja kwa moja yalitukia. Jijini New York, Patti Smith alirekodi "Piss Factory". Nchini Tanzania, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyouchochea mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa kuhusu ushairi huru. Na huko Webuye, katika iliyokuwa Wilaya ya Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji. Wimbo wa kiwanda, ushairi usiofuata arudhi na kiwanda chenyewe vilijitokeza mwaka mmoja, na makala haya yanajaribu kuvisoma kwa pamoja.

2.0 Wimbo na Mazingira Yake

Patti Smith alizaliwa mwaka 1946 mjini Chicago, akakulia Philadelphia na kisha kusini mwa jimbo la New Jersey, katika familia ya watu wa kazi. Akiwa angali msichana alipata kibarua kiwandani. Katika tawasifu yake Just Kids, iliyochapishwa mwaka 2010 na kupata tuzo ya kitaifa ya vitabu nchini Marekani mwaka huohuo, anaeleza kwamba kiwanda hicho hakikuwa na chama cha wafanyakazi, na kwamba kazi yake ilikuwa kukagua usukani wa baiskeli za watoto za magurudumu matatu. Alikuwa na nakala ya mashairi ya Arthur Rimbaud, mshairi wa Ufaransa, aliyokuwa ameiiba kwenye meza ya muuza vitabu. Wanawake waliofanya kazi pamoja naye walikishuku kitabu hicho kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni, wakamdhania mwenye kukisoma kuwa mkomunisti. Mwaka 1967 alikwenda New York.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kulitambua. Rimbaud, ambaye mashairi yake yalikuwa faraja ya msichana huyo wa kiwandani, aliacha kutunga akiwa bado kijana, na kuanzia mwaka 1880 akawa karani na mfanyabiashara huko Aden na katika mji wa Harar, Ethiopia. Mshairi aliyekimbilia kazi, na mfanyakazi aliyekimbilia ushairi, walikutana ndani ya kitabu kimoja kilichoibwa.

"Piss Factory" ilirekodiwa mwezi Juni 1974 katika studio ya Electric Lady. Lenny Kaye alipiga gitaa na Richard Sohl akapiga piano. Ilitolewa kama upande wa pili wa santuri ndogo ambayo upande wake wa kwanza ulikuwa na wimbo "Hey Joe". Gharama zililipwa na rafiki yake, mpiga picha Robert Mapplethorpe. Wakati huo hata jina la muziki wa panki halijakaa sawasawa vinywani mwa watu: kundi la Ramones lilianzishwa mwaka huohuo, na santuri ya kwanza ya Sex Pistols wa Uingereza ilitoka mwishoni mwa mwaka 1976. Ndiyo maana wahakiki wengi wa muziki huitaja santuri hiyo ndogo miongoni mwa vyanzo vya panki.

Neno lenyewe halina budi kuelezwa kidogo. Kwa Waswahili wengi, panki ni mtindo wa kunyoa nywele. Huko Mwanza kuna neno jingine la sauti ya karibu, mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya viwanda vya samaki kuondoa minofu ya kuuzwa nje. Makala haya hayadai kwamba maneno haya yana asili moja. Hata hivyo, mwanafunzi akiyaweka pamoja atapata kumbukumbu nzuri: panki kama muziki ni sanaa ya wale wanaobakiwa na mifupa wakati minofu imesafirishwa.

Maudhui ya wimbo ni mepesi kusimulia. Nafsineni ni msichana wa miaka 16 anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa ujira wa dola 36. Kiwandani mna joto na harufu mbaya. Msichana ana bidii na mikono myepesi, naye anakagua vyuma haraka kuliko wenzake. Msimamizi, mwanamke aliyezoea mahali hapo kwa miaka mingi, anamwonya apunguze kasi kwa sababu anaharibu kipimo cha kazi cha wote. Anatishwa. Mwishowe anaapa kwamba atapanda gari la moshi aende New York, awe mtu mkubwa, na asirudi tena.

3.0 Wimbo wa Kazi na Wimbo Kuhusu Kazi

Tofauti ya kwanza kati ya wimbo huu na hodiya ni ya mahali. Hodiya huimbwa ndani ya kazi, tena kazi ndiyo ala yake. Kinachosikika katika wimbo wa kutwanga ni mchi na kinu, na anayetaka kuurekodi bila kinu ameuondolea nusu ya muziki. "Piss Factory" iliimbwa miaka kadhaa baada ya kazi kuachwa, mbele ya piano, na mtu ambaye hakuwa na nia ya kurudi. Ni wimbo kuhusu kazi, si wimbo wa kazi.

Tofauti ya pili ni ya mapigo. Hodiya hujengwa kwa kibwagizo na kiitikio: kiongozi hutoa, kundi hupokea. Wimbo wa Smith hauna kiitikio. Ni maneno yanayosemwa zaidi kuliko kuimbwa, kwa mistari mishata inayokimbizana, huku piano ikirudia mapigo yaleyale kwa takriban dakika tano. Piano ndiyo mashine na sauti ya binadamu ndiyo inayojaribu kuitoroka. Mwanzoni sauti inakwenda karibu sawa na ala. Kadiri wimbo unavyoendelea inaongeza kasi, hadi mwishoni inakuwa kama mtu anayekimbia. Fani hapa imebeba maudhui: msichana aliyekatazwa kwenda haraka kiwandani anakwenda haraka ndani ya wimbo, ambako hakuna nyapara wa kumzuia.

Hapa ndipo Kichomi inapofaa kukumbukwa. Mgogoro wa miaka ya 1970 kuhusu ushairi wa Kiswahili mara nyingi huelezwa kama ugomvi juu ya vina na mizani tu. Lakini nyuma yake palikuwa na swali pana zaidi: je, umbo lililozaliwa katika maisha ya aina moja linaweza kubeba maisha ya aina nyingine bila kubadilika? Kezilahabi alitaka ushairi ukaribie lugha ya kawaida ya watu. Smith, bila kujua lolote kuhusu mjadala huo, alikuwa na haja hiyohiyo. Mashine imekwisha kumwekea mfanyakazi vipimo vya kutosha: saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya vyuma. Akipewa nafasi ya kusema, yamkini hatataka kupimiwa na mizani pia. Hii haimaanishi kwamba tarbia haiwezi kusema habari za kiwanda. Inamaanisha kwamba uchaguzi wa umbo ni sehemu ya hoja ya mshairi, na mhakiki anapaswa kuuzingatia hivyo.

4.0 Lugha: Harufu, Joto na Kuvunjwa kwa Tasfida

Katika uchambuzi wa taswira, wanafunzi wengi hukimbilia taswira oni. Wimbo huu unawalazimisha kushughulika na taswira mnuso na taswira mguso. Jina lake lenyewe, yaani kiwanda cha mkojo, ni harufu kabla ya kuwa maana, na ndani ya wimbo harufu hurudi tena na tena pamoja na joto na jasho.

Lugha ya namna hii inaleta tatizo kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa utamaduni wake wa adabu umejaa tasfida. Mtu hujisaidia, huenda haja ndogo, huenda msalani. Mtunzi angeweza kusema kiwanda kibaya au kiwanda kichafu, na asingemkera mtu. Alichagua neno ambalo mzazi humkanya mtoto asilitamke mbele ya wageni. Je, ni utovu wa adabu tu?

Jibu la makala haya ni hapana, kwa sababu moja. Tasfida humlinda msikilizaji dhidi ya kitu kisichopendeza. Lakini mfanyakazi hakulindwa na mtu yeyote dhidi ya kitu hicho. Alikivuta puani kwa saa nane kila siku. Kumtaka akisimulie kwa neno laini ni kumtaka avumilie mara mbili, kwanza kazini na kisha katika maelezo ya kazi. Neno kali katika wimbo huu linamgawia msikilizaji sehemu ndogo ya harufu. Mhakiki anaweza kulikataa neno hilo kwa sababu za kimaadili, na ana haki, ila kwanza aonyeshe kwamba ameielewa kazi linaloifanya.

5.0 Nafsi: "Mimi" Dhidi ya "Sisi"

Hadi hapa wimbo umetetewa. Sasa hauna budi kuhojiwa, na fasihi ya Kiswahili ina nyenzo za kuuhoji.

Katika Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui, mwanamke aitwaye Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon kudai haki zao. Uzito wa tamthilia uko katika namna Lanina anavyojaribu kuwaunganisha watu waliogawanywa na woga, ukabila na dharau kwa wanawake. Mwandishi wake alitiwa kizuizini mwaka 1982. Katika Kuli (1979), riwaya ya Shafi Adam Shafi, Rashidi ni mwana wa kuli, naye mwenyewe anakuwa kuli katika bandari ya Unguja. Mwamko wake unakua pamoja na mwamko wa wenzake hadi kufikia mgomo mkuu wa mwaka 1948. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, wakulima pamoja na wafanyakazi wa mashamba na wa kiwanda cha viatu kilicho karibu walishiriki kuandaa na kuigiza tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambayo baadaye ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Nyimbo zilikuwa nguzo ya onyesho hilo. Serikali ililipiga marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Katika kazi hizi zote nafsi inayoshinda, au inayoshindwa kwa heshima, ni "sisi". Kidole kimoja hakivunji chawa. "Piss Factory" inakwenda kinyume kabisa. Nafsineni yake ni "mimi", na adui anayeonekana si mwenye kiwanda, ambaye karibu hana nafasi katika wimbo. Adui ni mwanamke mwingine mfanyakazi, anayemwambia apunguze mwendo.

Mahali hapa panahitaji kusomwa kwa makini. Kwa nini wanawake wale walitaka msichana aende polepole? Wimbo unawaonyesha kama watu waliokufa roho, waliozoea uvundo. Lakini historia ya kazi inatoa maelezo mengine. Mahali ambapo kazi hupimwa kwa idadi, mfanyakazi mmoja mwepesi huweza kuwa hasara kwa wote. Akimaliza vyuma 200 pale ambapo wengine humaliza 150, mwenye kiwanda hupata sababu ya kuuliza kwa nini wote wasifikishe 200 kwa ujira uleule. Basi wafanyakazi hujiwekea kikomo chao wenyewe, wakakilinda kwa ushauri, kwa mzaha, na wakati mwingine kwa vitisho. Kiswahili kina msamiati unaosaidia hapa. Mtu aliyewahi kulima ngwe anajua kwamba ngwe ya leo ikimalizwa mapema mno, ya kesho itaongezwa. Na utaratibu wa kupunguza mwendo kwa makubaliano ya kimya una jina: mgomo baridi.

Ikiwa ndivyo, yule msimamizi wa wimboni si mtu aliyekufa roho tu. Pale pasipo chama cha wafanyakazi, desturi ya kwenda polepole ndiyo iliyokuwa chama. Msichana hakuisikia, kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 16, alikuwa na kitabu, na alikuwa na mahali pa kwenda. Wenzake walikuwa na watoto na kodi za nyumba. Wimbo una ukweli mkubwa kuhusu uchungu wa anayetaka kutoka. Una ukweli mdogo kuhusu hekima ya wanaobaki. Lanina angemuuliza msichana yule swali moja: ukiondoka, nani atakagua vyuma vyako?

Hata hivyo, haifai kuligeuza swali hilo kuwa hukumu. "Sisi" nayo huweza kuwa jela. Wanawake wale walimtesa mtu kwa kosa la kusoma. Katika jamii zilizozoea kuusifu umoja, ni rahisi kusahau kwamba umoja huweza kumkandamiza aliye tofauti, na kwamba msichana aliyetishwa kwa ajili ya kitabu anastahili kusikilizwa. Kilio cha Haki yenyewe inalijua hilo, kwani Lanina hapingwi na mlowezi peke yake. Anapingwa pia na dharau ya watu wa upande wake. Mahali hapo Lanina na msichana wa New Jersey wanakutana, ingawa mmoja anaamua kubaki na mwingine kuondoka.

6.0 Kiwanda Kinachoimba

Kuna njia nyingine ambayo wimbo wa kiwandani umepitia katika Afrika Mashariki, nayo ni wimbo unaomilikiwa na kiwanda. Nchini Tanzania baada ya uhuru, mashirika mengi ya umma yaliunda bendi zao. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, bendi ambayo baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa ilikuja kujulikana kama Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kiliunda Urafiki Jazz mwaka 1970, na mojawapo ya kazi za bendi hiyo ilikuwa kuzitangaza khanga za kiwanda.

Wanamuziki hawa waliajiriwa na kulipwa mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri. Mpangilio huo uliwapa wasanii riziki ya uhakika, jambo ambalo wasanii wengi wa leo hawana, na uliacha hazina kubwa ya muziki wa dansi. Lakini uliweka pia mpaka. Bendi inayolishwa na kiwanda inaweza kuimba juu ya mapenzi, juu ya msiba, juu ya ujenzi wa taifa na juu ya uzuri wa khanga. Ni vigumu kwake kuimba juu ya uvundo wa idara ya kutia rangi.

Sauti ya malalamiko ilipita kwingine. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanyia kazi zake Tanzania, aliimba kuhusu unyonge katika "Mnyonge Hana Haki". Mwaka 1997 vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora, Nairobi, walitoa "Tafsiri Hii", wakaonyesha kwamba lugha ya mtaa inaweza kubeba hasira na fikra kwa wakati mmoja. Ikiwa kuna ndugu wa panki katika Kiswahili, wahakiki wamtafute huko katika hip-hop ya awali. Ni muziki wa gharama ndogo, wa maneno mengi kuliko ala, unaokataa tasfida na unaotungwa na vijana ambao hawakungoja ruhusa. Tofauti moja ni ya msingi. Msichana wa Smith alichukia kazi aliyokuwa nayo. Kijana wa Dandora mara nyingi alilia kwa kuikosa.

7.0 Webuye, Bungoma na Kitale

Tofauti hiyo inarudisha mjadala magharibi mwa Kenya. Mto Nzoia unaanzia milima ya Cherangani na Elgon, unapita katika nchi ya Trans Nzoia ambako Kitale ndio mji mkuu, kisha unateremka Webuye na kuendelea hadi Ziwa Victoria. Anayeufuata mto huo anasoma historia ya kazi za ujira za eneo hilo.

Kitale ni sura ya kwanza. Mji huo ulikua kama kituo cha mashamba ya walowezi, na njia ya reli ya kutoka upande wa Eldoret iliufikia mwaka 1926. Wafanyakazi wa mashamba hayo walibeba kipande shingoni. Msomaji wa Kitale anayeisoma Kilio cha Haki hahitaji kuelezwa shamba la Delamon lilifananaje. Kitale pia imekwisha kuingia katika fasihi kwa njia nyingine. Katika Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, mwandishi aliyekulia sehemu hizo na kufariki mwaka 2020, Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Msichana wa Smith anapanda gari la moshi kuyaacha mashine na kuelekea jiji kubwa. Kongowea anaiacha pwani na kuelekea bara la mashamba. Wote wawili wanatafuta jina lao.

Webuye, ambayo zamani iliitwa Broderick Falls, ni sura ya pili. Kiwanda cha karatasi kilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1969 kati ya serikali ya Kenya na wawekezaji kutoka India pamoja na shirika la kimataifa la fedha, na uzalishaji ukaanza mwaka 1974. Miti ilitoka katika misitu ya kupandwa, ikiwamo ile ya Turbo. Kupika mbao kwa kemikali za salfa hutoa harufu kama ya mayai yaliyooza, na wasafiri wa barabara ya Eldoret kwenda Malaba waliitambua Webuye kwa pua kabla ya kuiona kwa macho. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kuhusu hewa hiyo, kuhusu mabati ya nyumba zao kuliwa na kutu upesi, na kuhusu maji machafu yaliyoingia mtoni. Papo hapo kiwanda kilijenga mji, kikasomesha watoto na kulisha masoko. Kilipofungwa mwaka 2009, harufu ilipungua na mifuko ikawa mitupu. Baada ya majaribio ya kukifufua, mwaka 2016 kilinunuliwa na kundi la kampuni za Rai.

Sura ya tatu ni kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, ambacho nacho kimepitia madeni na malimbikizo ya mishahara.

Historia hii inaonyesha kwa nini "Piss Factory" haiwezi kupandikizwa Bungoma kama ilivyo. Mfanyakazi wa Webuye aliichukia harufu, kisha akaililia ilipoondoka. Wimbo wake, kama upo, utabeba chuki na hamu katika pumzi moja. Na hapana sababu ya kudhani kwamba haupo. Watu waliokaa pamoja kwa zaidi ya miaka 30, wakitoka katika jamii za Wabukusu, Watachoni na nyinginezo, na kutumia Kiswahili kama lugha ya kuelewana, hawakukaa kimya. Walikuwa na lakabu za wasimamizi, majina ya mashine, mizaha ya zamu ya usiku, nyimbo za matanga ya wenzao na nyimbo za migomo. Wabukusu wenyewe wanatoa ushahidi kwamba wimbo huhama: Sioyaye, wimbo wa jando, umekwisha kutoka katika njia ya mtahiriwa ukaingia katika viwanja vya michezo na mikutano ya siasa. Wimbo unaoweza kuhamia jukwaa la mwanasiasa unaweza pia kuhamia lango la kiwanda siku mishahara inapochelewa. Mtafiti anayetafuta hodiya tu shambani hatausikia.

Kuna kejeli moja inayofaa kutajwa. Karatasi za Webuye zilitumika kuchapia magazeti, vitabu na madaftari ya shule nchini. Huenda vizazi vya wanafunzi vilijifunza orodha ya nyimbo za kazi, hodiya, wawe na kimai, kwa kuiandika juu ya karatasi iliyopikwa na watu ambao nyimbo zao hazikuwamo katika orodha hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wimbo wa awali wa panki uliotokana na kazi ya kiwandani hauingii katika kundi la hodiya, kwa kuwa umeimbwa nje ya kazi, hauna kiitikio na haukusudii kuichapuza kazi bali kuihukumu. Umeonekana kuwa na nguvu katika taswira mnuso, katika kuvunja tasfida na katika kuugeuza mwendo wa sauti kuwa uasi. Umeonekana pia kuwa na upungufu: haukuisikia hekima iliyokuwamo katika upole wa wafanyakazi wengine. Fasihi ya Kiswahili, yenye mwelekeo wa "sisi", inausahihisha wimbo huo. Nao wimbo unaikumbusha fasihi hiyo kwamba "mimi" aliyebanwa ndani ya kundi ana kilio chake.

Inapendekezwa basi kwamba katika uainishaji wa nyimbo liongezwe kundi la nyimbo zihusuzo kazi, litakalochukua nyimbo za migomo, za kufukuzwa kazi, za kustaafu na za kuikosa kazi, hata kama haziimbwi jembe likiwa mkononi. Inapendekezwa pia kwamba wanafunzi wanaotoka Webuye, Bukembe, Bungoma na Kitale wachague mada za utafiti karibu na nyumbani. Aliyeajiriwa kiwandani mwaka 1974 akiwa na miaka 20 amekwisha kuvuka 70. Methali inasema mchumia juani hulia kivulini. Wengi wa wazee hao hawakupata kivuli walichoahidiwa, lakini wanakumbuka walichokiimba juani, na kinasa sauti kinaweza kuwafikia wakiwa bado hai.

Maswali ya Kujadili

1. Je, wimbo unaoimbwa baada ya kazi kuachwa unaweza kuitwa wimbo wa kazi? Toa mifano kutoka katika jamii yako.

2. Linganisha uamuzi wa Lanina katika Kilio cha Haki na ule wa nafsineni wa Patti Smith. Ni upi unaobeba gharama kubwa zaidi, na anayeilipa ni nani?

3. "Tasfida humlinda msikilizaji, haimlindi mtendwa." Jadili kauli hii kwa kurejelea nyimbo mbili za Kiswahili za kizazi kipya.

4. Andaa hojaji fupi ya kukusanya lakabu, mizaha na nyimbo za waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda kimojawapo magharibi mwa Kenya. Eleza utakavyolinda utambulisho wa wasailiwa wako.